Nyuma ya Upepeo: Namna ya Kupima Kazi ya Mafundi wa Valencia

Sifa zinazomiminwa siku hizi juu ya pepeo za kukunja zinazouzwa katikati ya jiji la Valencia, mashariki mwa Hispania, zimefika mahali pa kuudhulumu ufundi wenyewe. Katika vichochoro vinavyozunguka kanisa kuu la jiji hilo, vijiti vya plastiki vilivyomiminwa kwenye kalibu na kubandikwa kitambaa cha poliesta chenye mawaridi ya kuchapwa huitwa kazi ya mikono, na wageni wanaozunguka kwa miguu kutoka duka hadi duka huvisifu kwa sababu vinang'aa, kisha huupita upepeo wa mti wa mpea uliolala kwenye saraka ya duka la jirani, ambao umepita katika mikono ya mafundi kadhaa kabla ya kufika hapo. Kosa hilo haliwezi kusamehewa kwa kisingizio cha uchache wa fedha, kwa maana jicho halinunuliwi, na mtu mwenye euro thelathini anaweza kuchagua vema kuliko mwenye euro mia tatu endapo anajua pa kutazama. Pa kutazama, kama itakavyoelezwa, si upande wenye picha.

Upepeo unaojadiliwa hapa ni ule Wahispania wanaouita abanico, yaani upepeo unaofunguka kama mkia wa tausi na kufungika ukawa kijiti kimoja, tofauti na pepeo bapa za ukindu zinazojulikana katika nyumba za pwani ya Afrika Mashariki, ambazo hazikunjwi. Ufundi wa kukunja ulianzia Japani, ukaenea China, na Wareno wakauleta Ulaya katika karne ya 16 kwa njia ya bahari. Vijiti vyake kwa jumla huitwa varillaje. Vijiti viwili vya nje, vilivyo vinene kuliko vingine na vinavyoukinga upepeo ukiwa umefungwa, huitwa padrones. Msumari mdogo unaovishika vyote kwa chini huitwa clavillo. Na kitambaa au karatasi inayobandikwa juu huitwa país, neno ambalo katika Kihispania cha kawaida lina maana ya nchi. Upepeo usio na kitambaa, ulioundwa kwa vijiti vipana vilivyounganishwa kwa utepe, huitwa baraja, na ule mkubwa wa wacheza flamenko huitwa pericón. Mnunuzi asiyejua majina haya hadhuriki sana, ila muuzaji asiyejua anapoulizwa ameshatoa ushahidi juu ya bidhaa zake.

Valencia inafaa kwa uchunguzi huu kuliko jiji lolote jingine la Hispania, kwa sababu biashara ya vitambaa ina mizizi ndani yake na kwa sababu kitovu chake ni kidogo kiasi cha kuzungukwa chote kabla ya adhuhuri. Mwenye kuanzia kwenye Lonja de la Seda, soko la wafanyabiashara lililoanza kujengwa katika miaka ya 1480 kwa mkono wa Pere Compte na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996, huwa ameanza pazuri, kwani jina lake lenyewe lina neno hariri, na nguzo zake zilizosokotwa kama kamba humzoesha mtu kutazama mstari unavyopanda bila kuyumba. Ng'ambo ya uwanja liko Mercado Central, soko la vyakula lililofunguliwa mwaka 1928, ambako hakuna la kununua kwa madhumuni haya. Kutoka hapo ni hatua chache hadi Plaza Redonda, uwanja wa duara wenye vibanda vya lesi, vifungo na nyuzi. Halafu Plaza Lope de Vega, ambako nyumba yenye uso wa sentimita 107 huwavuta wapiga picha. Halafu kanisa la Santa Catalina, na hatimaye barabara pana ya Calle de la Paz. Maduka madogo hufunguliwa yapata saa nne asubuhi, hufungwa yapata saa nane mchana, na hufunguliwa tena yapata saa kumi na moja jioni. Saa za asubuhi ndizo za kununua, kwa kuwa upepeo hauwezi kupimwa chini ya taa ya dukani: ni lazima upelekwe mlangoni, na duka linalokataa kuruhusu hilo liachwe.

Kuhusu vijiti, maelezo hayahitaji kuwa marefu. Mti wa mpea ndio bora kwa kazi ya nakshi, kwa sababu chembe zake ni laini na zimeshikamana, hivyo tundu dogo hukatwa bila ukingo kubanduka. Miti myeusi na myekundu kutoka Afrika ya Kati na ya Magharibi, kama bubinga na kotibé, hutoa vijiti vizito na imara ambavyo hufaa upepeo usio na nakshi. Nakshi za kutoboa, ambazo mafundi wa zamani walizikata kwa msumeno mwembamba wakiwa wamevifunga vijiti kadhaa pamoja, hutambulika kwa kuta za tundu zilizo safi na zenye rangi ya mti wenyewe. Zile za leza huacha ukingo wa kahawia ulioungua, na zile za kugongwa kwa mashine huacha nyuzi za mti upande wa nyuma, ambazo kidole huzihisi kabla ya jicho kuziona. Msasa uliopita juu tu, bila kuingia kati ya kijiti na kijiti, ni dalili ya haraka. Nakshi isijaze kijiti chote. Upepeo wenye lesi juu na nakshi chini una kelele mbili, na mtu mwenye adabu ya macho huchagua moja. Unga wa dhahabu, vipande vya kioo na shanga za kubandikwa havina mjadala.

Katika karne ya 18 na ya 19, vijiti vya pepeo za matajiri vilichongwa kwa pembe za ndovu, gamba la chaza na ng'amba, na msomaji wa pwani hahitaji kukumbushwa kwamba Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa soko kubwa la pembe zilizopendwa na wachongaji kwa ulaini wake. Biashara ya kimataifa ya pembe ilizuiwa kwa uamuzi wa mkataba wa CITES mwaka 1989, kwa hiyo pepeo za aina hiyo zinazoonekana kwa wauzaji wa vitu vya kale ama ni za zamani kweli, ama ni mfupa wa ng'ombe uliopewa jina lisilo lake. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi kama alama za ncha ya sindano. Pembe ina mistari hafifu inayokatana. Udanganyifu mwingine wa kale ni wa msandali: mti wa bei nafuu hupakwa mafuta yenye harufu, ukasifiwa kwa manukato yake, na baada ya majuma machache mwenye upepeo hubaki na mbao isiyonukia chochote, huku msandali wa kweli ukitoa harufu upya kila unaposuguliwa.

Hayo yote, hata hivyo, mnunuzi mwenye bidii huweza kuyagundua peke yake. Jambo ambalo mgeni wa fani hii halioni kamwe, na ambalo mjuzi hulitazama kabla ya jingine lolote, liko nyuma ya upepeo, mahali ambapo sehemu ya juu ya kijiti, iliyochongwa ikawa nyembamba kama ukuti, imebandikwa kwenye rinda la kitambaa. Ili kuelewa uzito wa jambo hilo ni lazima kufuata namna marinda yanavyotengenezwa. Kitambaa kilichokatwa nusu duara huwekwa kati ya kalibu mbili za karatasi ngumu ambazo zimekwisha kukunjwa marinda. Kalibu hufungwa pamoja na kitambaa kikiwa ndani, hubanwa, na kinapotoka huwa kimeshika mikunjo yote kwa vipimo vya kalibu. Hapo ndipo huanza kazi ambayo Wahispania huiita entelar, yaani kuvisha kitambaa, ambapo kila kijiti hupakwa gundi na kulazwa kwenye uso mmoja wa rinda, uso unaofuata huachwa huru, kisha kijiti cha pili hulazwa kwenye uso wa tatu, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Kwa maneno mengine, kila kijiti kina nyuso mbili za kuhudumia, moja ya kushika na moja ya kuachia, na upepeo hufunguka na kufungika kwa sababu ya ile inayoachiwa.

Kijiti kinapaswa kulala katikati kabisa ya uso wake, kwa umbali ulio sawa kutoka mkunjo wa kulia na mkunjo wa kushoto, tangu kinapoingia kwenye kitambaa hadi kinapokoma chini ya ukingo wa juu. Sharti hilo halina hiari. Kijiti kikikengeuka hata kwa upana wa uzi kikaukaribia mkunjo, kila unapofungwa upepeo mkunjo huo hubanwa na ubao badala ya kukunjika wenyewe; nyuzi za kitambaa huchoka hapo kabla ya pengine popote, na baada ya msimu mmoja au miwili huonekana mpasuko ulionyooka kama uliokatwa kwa wembe, ambao mwenye upepeo hudhani ameusababisha mwenyewe kwa uzembe. Hakuusababisha. Ulibandikwa pamoja na upepeo siku uliyotengenezwa. Tena kosa la kijiti kimoja halibaki kwa kijiti kimoja, kwa kuwa jirani yake hulazimika kufidia, na jirani wa jirani yake vilevile, hadi padrón ya mwisho inapokuta kitambaa kimebaki kingi au kimepungua. Ndiyo sababu mjuzi huyatazama marinda mawili ya mwisho kwa makini kuliko yote, kama vile hakimu wa kitanda cha ukindu anavyotazama pembe na si katikati.

Namna ya kuchunguza ni rahisi, ingawa huonekana ajabu kwa wapita njia. Upepeo hufunguliwa wote na kuinuliwa kuelekea mwanga wa mlangoni, picha ikiwa upande wa nje na mgongo wake ukimwelekea mtazamaji, na vivuli vya vijiti hufuatwa kwa jicho kutoka juu kwenda chini. Vyote vielekee kwenye clavillo kama spoki za gurudumu zinavyoelekea kwenye kitovu. Kimoja kikielekea pembeni, hata kama nafasi yake juu ni sahihi, kilibandikwa na mkono uliochoka. Kisha hutazamwa gundi: isionekane kando ya kijiti, na hasa isipenye ikatokea mbele kama doa linalong'aa kwenye hariri, kwani doa hilo haliondoki na huwa jeusi kwa vumbi. Mwishoni upepeo hufungwa polepole, kijiti kwa kijiti, bila kusaidiwa na mkono wa pili. Marinda ya fundi hushuka moja baada ya jingine kana kwamba yanakumbuka njia. Marinda ya mlaghai hukwama, huchomoza nje kati ya vijiti, na humtaka mtu ayasukume kwa kidole. Ukiisha kufungwa, ukingo wa juu uwe bapa kama kurasa za kitabu kilichokatwa upya, na padrones zikutane bila pengo la kupitisha mwanga.

Wauzaji walaghai wanalijua jambo hili kuliko wanunuzi, na mwenendo wao huwasaliti. Muuzaji mwenye jambo la kuficha huufungua upepeo mwenyewe kwa kishindo, huupunga mbele ya uso wa mteja ili upepo na rangi vifike pamoja, huufunga kwa kuupiga kwenye kiganja cha pili, na katika muda wote huo hauugeuzi hata mara moja. Anayeuza kazi aliyoikagua hufanya kinyume: huukabidhi ukiwa umefungwa, mgongo ukiwa juu, na kunyamaza, kwa sababu anataka kujua kwanza ikiwa mtu aliye mbele yake anajua cha kufanya nao. Kimya hicho cha nyuma ya meza ndicho heshima ambayo maduka ya zamani yaliwapa wateja, na kinazidi kuwa adimu kila duka la namna hiyo linapogeuzwa kuwa la sumaku za kubandika kwenye jokofu.

Picha ndiyo inayosifiwa zaidi, na ndiyo inayodanganya zaidi. Maneno pintado a mano, yaani umechorwa kwa mkono, huandikwa kwenye kadi za pepeo ambazo maua yake yamechapwa kwanza, kisha yakaongezwa michirizo mitatu ya brashi ili kadi isiwe ya uongo mtupu. Chini ya kioo cha kukuza, chapa huonyesha nukta zilizopangwa, wakati brashi huonyesha njia yake, mahali ilipoanza kwa rangi nzito na ilipoishia kwa rangi nyepesi. Saini haithibitishi kitu, kwa kuwa karakana huweza kuitia kama inavyotia bei. Kinachothibitisha ni kama mchoraji alijua kwamba picha yake ingekunjwa: uso wa mtu usiangukie kwenye mkunjo, shina la ua lipite mikunjo kwa mshazari, na sehemu ya katikati ya upepeo isibebeshwe kila kitu huku pembe zikiachwa tupu. Wachoraji Degas na Pissarro walionyesha michoro yenye umbo la upepeo katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1879, nayo ni michoro mizuri, lakini mingi haikuwahi kukunjwa wala kupata vijiti, na kwa kipimo cha fani hii haikuwahi kuwa pepeo. Mchoraji Goya alikuwa na adabu zaidi: katika mchoro wa El quitasol wa mwaka 1777, ulioko katika jumba la Prado mjini Madrid, mwanamke aliyeketi ameushika upepeo wake ukiwa umefungwa, na umbo lake jembamba linatosha kuonyesha kwamba ni kazi njema. Ua moja lililochorwa vizuri hushinda shada.

Hapa inapasa kuondoa upotoshaji mmoja ambao umekuwa sehemu ya biashara. Pamoja na upepeo wa plastiki mgeni hupewa karatasi inayoeleza kile kinachoitwa lugha ya upepeo, kwamba kuugusisha shavuni ni kusema ndiyo na kuufunga polepole ni kutoa ahadi, na huambiwa kwamba hiyo ni siri ya kale ya wanawake wa Hispania. Karatasi za namna hiyo zilisambazwa na Duvelleroy, kampuni ya Paris iliyoanzishwa mwaka 1827, kwa ajili ya kuuza pepeo zake. Wanawake wa Valencia walikuwa na lugha, na kila aliyeketi nao kanisani au kwenye ukumbi wa tamthilia wakati wa joto anaijua, lakini ilikuwa ya mkono na mwendo, kasi ya hasira na taratibu ya uchovu, wala haikuwa na kamusi.

Clavillo hupimwa kwa kuufungua upepeo nusu, kuushika kwa padrón moja na kuulaza sambamba na ardhi. Usipoteremka hata kidogo, msumari umekazwa kupita kiasi na utavunja kijiti; ukiporomoka wote, umelegea; unaofaa huteremka kidogo kisha hutulia, na kwa mtikiso mdogo wa kifundo cha mkono hufunguka mpaka mwisho. Sauti ya kufunguka huko haielezeki kwa urahisi kwa asiyewahi kuisikia. Mti mkavu hutoa mchakacho mmoja mfupi kama wa majani makavu ya mnazi yanapoburutwa, plastiki hutoa mibofyo iliyotengana, na pericón ya hariri nzito jukwaani hutoa mshindo unaoshindana na visigino vya mchezaji.

Sehemu kubwa ya kazi yenyewe haifanyiki katikati ya jiji, bali Aldaia, mji mdogo ulio kilomita chache magharibi mwa Valencia, ambao kwa vizazi vingi umeishi kwa pepeo na una jumba la makumbusho lililowekwa kwa ajili yake. Kazi ya kubandika kitambaa ilikuwa kwa kawaida ya wanawake waliofanyia nyumbani mwao, na majina yao hayakuandikwa kwenye upepeo wowote, ilhali uimara wa kila upepeo ulitokana na vidole vyao zaidi kuliko brashi ya mchoraji aliyetia saini. Tarehe 29 Oktoba 2024 mafuriko makubwa yaliukumba mji huo pamoja na miji jirani, na mtu anayenunua Valencia baada ya siku hiyo hununua katika fani ambayo mafundi wake ni wachache na hasara yake haijasahaulika. Kuwasifu walaghai wakati kama huu ni kuwanyang'anya mafundi hao mara ya pili.

Swali la mwisho la kumwuliza muuzaji, kabla ya kufungua pochi, ni kama kitambaa kikichakaa vijiti vitaweza kuvishwa kingine. Madrid bado liko duka la Casa de Diego, katika uwanja wa Puerta del Sol tangu mwaka 1858, ambalo pamoja na kuuza hutengeneza pepeo na miavuli, na Valencia bado wapo wanaoweza kutoa jibu lenye maana. Muuzaji wa plastiki atacheka na kusema kwamba upepeo mpya ni rahisi kuliko ukarabati, naye kwa bidhaa yake atakuwa amesema kweli. Muuzaji mwingine atauchukua upepeo tena, ataugeuza, atapitisha ukucha taratibu mahali kijiti kinapoingia kwenye rinda, na kabla hajajibu ataanza kuhesabu vijiti.